Marekebisho Madogo

Kompyuta ya Silvanus ilikaa ndani ya mfuko wa salfeti, mvunguni mwa kitanda cha dada yake, tangu mwezi wa pili mpaka wa tano. Askari wa barabarani ndiye aliyeikabidhi siku ile ya ajali, udongo mwekundu umeganda kwenye bawaba zake. Penina aliipokea, akasema asante, akaisukumia mvunguni kwa mguu. Hakuifungua. Wala hakulia. Pikipiki iliteleza kwenye mteremko wa njia ya Baray saa nne asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika, na kufikia saa nane mchana Penina alikuwa anapanga vikombe vya chai kwa ajili ya watu waliokuja kutoa pole.

Watu walisema amejikaza. Hakujikaza. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: anajua jino linang'olewa, anausikia mvuto wenyewe, lakini maumivu hayaji. Alisubiri yaje. Wakamaliza matanga, wakaweka msalaba, wakapanda maua, hayakuja.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na wawili tu kazini. Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma ya steshenari ya Hanifa, Karatu mjini, mahali ambapo harufu ya wino wa mashine ya fotokopi haikuisha. Humo waliandika programu za kompyuta: moja ya kupanga magari ya watalii, moja ya maktaba ya shule, na ile iliyowapa jina kuliko zote, ya zamu za maji kule Mang'ola. Huko wakulima wa vitunguu mia moja na kumi na tisa wanagawana maji ya mfereji mmoja, Mfereji wa Juu, kila shamba na siku yake na saa zake. Hapo awali zamu ziliandikwa kwenye daftari la katibu. Daftari lililowa, likachanika, na watu wakafikia kuinuliana majembe. Ndipo Silvanus akawatengenezea programu. Jioni ya kuamkia zamu yake, mkulima anapata ujumbe kwenye simu: kesho saa fulani, maji ni yako.

Mwezi wa tano ulipoanza, mambo mawili yalimlazimisha Penina kuuvuta ule mfuko. La kwanza ni barua ya Leonce, katibu wa chama cha wakulima wa mfereji. Aliandika kwa adabu, akaanza na pole, kisha akasema msimu mpya unakaribia, na chama kimefungua akaunti yake chenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, hiyo ambayo watu huiita wingu. Wanaomba mafaili yote ya programu yahamishiwe huko kabla ya mwezi kwisha.

La pili lilikuwa barua pepe. Kampuni iliyotunza akaunti ya Silvanus ilimwandikia Silvanus, kwenye anwani ya pamoja ya ofisi. "Habari Silvanus, hatujakuona kwa muda," ilisema, na ikaeleza kwamba akaunti isiyotumika hufungwa, na kila kilichomo hufutwa. Penina aliisoma mara mbili, kwa namna ileile ambayo angesoma tangazo la kukatika umeme.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Hanifa alimwazima kioo cha mashine ya dukani.

"Chukua, Peni. Leo sina wateja wa kuchapa," alisema, akamtazama kidogo. "Umekula?"

"Nimekula," Penina akajibu. Hakukumbuka kama ni kweli.

Kompyuta iliwaka. Hilo ndilo lililomshangaza, kama bado alikuwa na uwezo wa kushangaa: kitu kilichokuwa mgongoni mwa Silvanus, na kikaanguka pamoja naye, kiliwaka vizuri tu.

*

Kesho yake Vedasto aliteremka kutoka Ngorongoro. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja juu kabisa, ukingoni mwa kreta, ambako ukungu ukishuka mtandao nao unapotea, na ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alisoma darasa moja na Silvanus chuoni. Aliingia na sweta lake zito, akakaa kwenye kiti cha Silvanus, akagutuka, akahamia kiti kingine.

"Kaa tu," Penina alisema. "Ni kiti."

Vedasto alikaa hapohapo alipohamia. Akafungua mafaili, akayapitia kwa nusu saa, kisha akageuka.

"Sikiliza, dada. Una njia mbili. Ya kwanza ni wingu. Unachukua folda inayofanya kazi leo, unaipandisha kwenye akaunti ya chama, basi. Kila kompyuta iliyounganishwa itaona kitu kilekile. Leonce akibadilisha zamu Mang'ola, wewe unaiona hapa. Kompyuta ikiibiwa, hamna shida. Ni rahisi, ni ya kisasa, na ndiyo wanayoitaka."

"Na ya pili?"

"Kufungasha. Unachukua kila kitu, cha sasa na cha zamani, unakifunga kuwa kifurushi kimoja kwa zana ya kuhifadhi mafaili. Unakipa alama yake ya utambulisho, unakiweka kwenye diski, unakiacha. Hakibadiliki. Mtu akigusa hata herufi moja, alama hailingani tena, unajua kimechezewa. Ubaya wake, kifurushi hakifanyi kazi. Kimelala tu. Kinahitaji mtu wa kukumbuka kilipo, na mtu wa kukifungua."

"Wingu halihifadhi ya zamani?"

"Hili walilochukua wao linatunza siku thelathini. Baada ya hapo linakumbuka ya leo tu. Na kumbuka, ukifuta hapa, na kule kimefutika. Watu wanadhani wana nakala mbili, kumbe wana kioo. Unajitazama, unajiona mara mbili, ila mtu ni mmoja."

Penina alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Mambo haya aliyajua. Yeye na kaka yake waliwahi kubishana juu yake mchana kutwa, Silvanus akitetea kufungasha, yeye akitetea wingu, mpaka Hanifa akaja kugonga mlango akidhani wanapigana. Sasa alikuwa hana la kutetea.

"Historia yote iko kwenye hii mashine tu," Vedasto akaendelea. "Miaka minne. Hakuwahi kuipandisha. Unataka tuifanyeje?"

Historia aliyoisema ilikuwa kumbukumbu ya kila badiliko. Silvanus alitumia zana ile ambayo waandishi wengi wa programu huitumia: kila ukibadilisha kitu inaandika nani kabadilisha, mstari upi, siku na saa, nayo inakudai sentensi ya kueleza kwa nini. Wengi huandika neno moja wakaendelea na kazi. Silvanus aliandika barua. "Nimesogeza saa za Jumapili mbele kwa sababu watu wa shamba la 77 wanatoka kanisani saa tano na padri wao ana maneno mengi." "Peni alikuwa sahihi kuhusu tarehe, mimi nilikuwa mbishi, naandika hapa ili asije akasema sikukiri." Vedasto alisoma moja kwa sauti, akacheka, kisha akafuta pua kwa mkono wa sweta.

Penina alimtazama akilia. Aliona ni vizuri kwamba kuna mtu anaweza.

"Tupeleke ya sasa kwenye wingu," alisema. "Hayo mengine nitaangalia kesho. Pengine nitafuta tu, mashine apewe mtu."

"Ufute?"

"Anayasoma nani?"

Kabla ya kuondoka Vedasto aliweka mezani diski mbili za nje, mpya, bado zimo kwenye maboksi yake. Hakusema za nini.

*

Kesho hiyo, kabla Penina hajagusa chochote, Hanifa alimletea mgeni. Mwanamke wa makamo, mrefu, shuka la buluu begani, viatu vya tairi vyenye vumbi jeupe la upande wa Ziwa Eyasi. Alikuwa amepanda lori la vitunguu tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama," Penina alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Nalangu. Nalima shamba namba arobaini na moja, Mfereji wa Juu. Wewe ndiye dada wa yule kijana wa maji?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Pole kwa msiba."

"Ahsante."

Nalangu alikaa, akatoa kwenye khanga karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nyingi. Iliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto: Jumanne, saa nne hadi saa saba, shamba 41.

"Mjukuu wangu aliniandikia hii siku walipotugawia. Jumanne ni yangu, miaka mitatu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja ujumbe haukuja. Nikaenda mferejini, lango limefungwa upande wangu. Mlinzi akaniambia, mama, simu yangu inasema wewe ni Alhamisi, saa kumi na moja. Saa kumi na moja jioni, mwanangu, maji yakifika kwangu ni matope ya kunawa mikono. Vitunguu vilikuwa vinaweka vichwa. Vilikauka."

"Ulimwambia katibu?"

"Nilimwambia Leonce mara nne. Anafungua kompyuta, ananionyesha. Inasema Alhamisi. Anasema, mama Nalangu, mashine haina ndugu. Wanawake wenzangu wanasema nimezeeka, nachanganya siku." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza kama mashine inakumbuka ya zamani. Kama ni kweli nimechanganya, niambie, nitulie."

Penina aliipiga picha ile karatasi, akamrudishia.

"Nitaangalia, mama. Nipe siku mbili."

Nalangu aliondoka kuwahi lori la kurudi. Penina akafunga mlango, akaketi mbele ya kile kioo cha kuazima.

Haikuchukua siku mbili. Haikuchukua hata robo saa. Aliiambia zana imwonyeshe kila mara mstari wa shamba la 41 ulipoguswa, na ikamwonyesha mara mbili tu. Mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma: "Shamba 41, mama Nalangu, Jumanne saa 4 hadi 7. Ana mjukuu anayejua kusoma, tusimsumbue kwa kumpigia." Mara ya pili, tarehe tisa Novemba mwaka jana, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Shamba la 41 limepelekwa Alhamisi jioni, kwenye zamu ya shamba la 12. Shamba la 12 limepewa Jumanne saa nne hadi saa saba. Aliyebadilisha: Silvanus Hhando. Na maelezo yalikuwa maneno mawili.

"Marekebisho madogo."

Penina aliyatazama. Alipanda juu, akashuka chini, akapitia miaka minne yote. Maandishi mia sita na kitu. Hakuna mahali pengine ambapo kaka yake aliandika maneno mawili.

Hakuhitaji kutafuta shamba la 12 ni la nani. Silvanus mwenyewe alilikodi msimu ule. Alisema anajaribu bahati. Mwezi wa kumi na moja jioni moja alirudi na uso umemshuka, akasema vitunguu vyake vimewekwa kwenye zamu mbovu, vitamfia. Wiki iliyofuata hakulisema tena. Mwezi wa kwanza alivuna. Kwa mavuno yale aliezeka upya nyumba ya mama yao Baray, bati za kijani, na mwezi mmoja baadaye watu waliokuja kuzika walijikinga mvua chini ya bati hizo.

Alikaa pale mpaka Hanifa alipokuja kuulizia kioo chake, maana wateja wa kuchapa wamefika. Penina alikichomoa akampa. Kwenye kioo kilichopasuka cha Silvanus hakuonekana kitu, ila ile taa ndogo pembeni iliendelea kuwaka.

*

Alimpigia Vedasto siku iliyofuata, akamsubiri mpaka ukungu wa huko juu ufunguke na sauti ikae sawa.

"Nina swali la kazi," alisema. "Mtu anaweza kutoa andiko moja katikati ya historia?"

"Anaweza. Ila kila andiko linabeba alama ya lile lililotangulia. Ukitoa moja, yote yanayofuata yanabadilika alama. Yatasomeka vilevile, lakini si yale aliyoyaandika yeye. Ni nakala uliyoitengeneza wewe."

"Na nikipeleka ya sasa tu kwenye wingu, kama tulivyosema?"

"Basi hakuna historia. Kutakuwa na ratiba ya leo, imekwisha." Kisha akauliza, "Umeona nini, dada?"

Penina alimwambia. Alimwambia kama alivyosoma, tarehe na saa. Upande wa pili zilisikika sufuria za jiko la hoteli na mtu akiita jina la mtu.

"Jamani, Silva," Vedasto alisema mwishowe, kama vile anaongea na mtu aliyekaa mbele yake. Kisha: "Hakuna anayejua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Mimi sijasikia kitu kama hutaki nisikie."

"Sijui ninachotaka," Penina alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Alijipapasa ndani kutafuta hasira juu ya kaka yake, au huruma, au aibu, akakuta bado pamekufa ganzi. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho. Akiifuta ile historia, anafuta na padri mwenye maneno mengi, na ubishi wa tarehe, na sauti yote ya Silvanus iliyobaki duniani kwa maandishi. Akiitunza, anatunza na Novemba tisa. Havikutengana.

Jumamosi alipanda gari kwenda Baray. Mama yake, Evarista, alikuwa anapukuchua mahindi ukumbini, na mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi Penina aseme kwa sauti kubwa jambo ambalo alitaka kulisema polepole. Ilimlazimu kulirudia mara mbili.

Mama aliendelea kupukuchua. Gunzi moja, la pili, la tatu.

"Aliniambia Mungu amembariki," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unataka kwenda kuwaambia."

"Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

"Mtu yuko kaburini, Penina. Hawezi kusimama akajibu. Hata mwizi wa ng'ombe anapewa nafasi ya kujibu." Mikono yake ilisimama. "Wewe hukumlilia. Watu waliniuliza, huyu binti yako ana nini, nikawaambia kila mtu na namna yake. Sasa ndiyo namna yako hii?"

Penina alichukua magunzi akayapeleka jikoni. Aliporudi, mama yake alikuwa ametoka na mvua ileile, amekwenda kuwafungulia ndama, na hakurudi ndani mpaka Penina alipoaga kwa kuita akiwa mlangoni. Aliitikiwa kutoka zizini, neno moja, "Haya."

*

Jumatatu alifungua maboksi ya Vedasto. Alijua kwamba akienda Mang'ola kwanza, halafu akarudi, anaweza kukuta amebadili mawazo. Kwa hiyo alifungasha kabla ya kusema. Aliichukua historia nzima, maandishi yote mia sita na kitu, akaifunga kuwa kifurushi kimoja. Alichagua muundo wa zamani, unaofunguka kwenye kompyuta yoyote bila kununua programu ya mtu, kwa kuwa hakujua atakayekuja kukifungua atakuwa na mashine gani. Aliinakili alama yake ya utambulisho kwa mkono, herufi na tarakimu sitini na nne, nyuma ya kadi ya mazishi, kwa sababu ndiyo karatasi ngumu iliyokuwa karibu. Kifurushi kikaingia kwenye diski ya kwanza, kikaingia na kwenye ya pili. Moja alimkabidhi Hanifa aifungie kabatini pamoja na leseni za duka. Ya pili akabaki nayo.

Kisha, kwenye akaunti ya chama, akapandisha folda ya sasa, ile hai, ya kutuma ujumbe kila jioni. Pembeni yake akaweka nakala ya tatu ya kifurushi, imefungwa, yeyote mwenye ufunguo wa chama aweze kuisoma. Alipomaliza alitazama saa. Ilikuwa saa sita mchana. Alishangaa kidogo kwamba jambo lililowachosha kwa mabishano miaka yote ile, wingu au kufungasha, lilikwisha kwa asubuhi moja: kinachotembea kikae kwenye wingu, kilichokwisha kifungwe. Alitaka kumwambia Silvanus kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Ndipo akakumbuka.

Kikao cha chama kilikuwa Jumatano, kwenye jengo la tofali karibu na ghala la vitunguu. Walikuja watu kama arobaini. Nalangu alikaa mwisho, karibu na mlango. Leonce alifungua kwa sala na kumkaribisha Penina azungumzie kuhamishwa kwa mafaili, na Penina akazungumzia kuhamishwa kwa mafaili, sentensi tatu, halafu akasema lile lingine. Hakulipamba wala hakulipunguza. Alisoma tarehe, alisoma saa, alisoma yale maneno mawili. Akataja shamba la 12 lilikuwa la nani.

Kelele ilipanda, ikashuka. Mzee mmoja alisema maiti hashtakiwi. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba Nalangu hakuwa maiti, na bado walimzika. Leonce alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaifuta tena.

"Mama Nalangu," alisema, "nilikuambia mashine haina ndugu. Naomba unisamehe."

"Nimesikia," Nalangu akasema.

Waliamua kwa kunyoosha mikono. Shamba la 41 lirudishiwe Jumanne yake. Shamba la 12 liko wazi, basi zamu yake ya msimu mmoja, ile ya Alhamisi jioni, iende kwa Nalangu pia. Ratiba yoyote ikibadilishwa, badiliko lisomwe kikaoni na kubandikwa ukutani. Na baadaye, kwa sauti ya chini, mtu akiangalia sakafu, walisema wangependa programu iangaliwe na mtu mwingine, si kwamba wana ubaya na familia ya Hhando.

"Sawa," Penina alisema. "Kuna fundi anaitwa Vedasto. Nitawapa namba yake."

Aliibadilisha ratiba palepale mbele yao, Leonce akisimama nyuma yake. Zana ikamdai maelezo. Penina aliandika kwa muda mrefu, vidole vikienda vyenyewe, mpaka Leonce akakohoa.

*

Nalangu alimsindikiza hadi mahali malori yanapopakia. Magunia yalipangwa hadi juu ya bodi, na wapakiaji walikuwa bado wanafunga turubai. Walisimama kwenye kivuli cha lori.

"Ungeweza kunyamaza," Nalangu alisema.

"Ndiyo."

"Mbona hukunyamaza?"

Penina alifikiri. Alitaka kumpa mama huyu jibu la maana, kwani amengojea miezi sita. "Sijui, mama," alisema. "Sikuwa na kitu cha kusikia moyoni. Nikafanya tu."

Nalangu alikubali kwa kichwa, kana kwamba ni jibu la kawaida. "Vitunguu vya mwaka jana havitaota tena," alisema. "Sikudanganyi kwamba moyo wangu umepoa."

"Naelewa."

"Lakini alifika kwangu, ndugu yako. Siku ya kuandika majina, mwanzo kabisa. Jua kali. Nikampa maziwa, akanywa kibuyu kizima, hakuniachia hata tone, halafu akaona aibu akaniomba jembe. Akanilimia matuta mawili akiwa na viatu vyake vya mjini. Mabaya kweli, yamepinda. Anaimba huku analima."

"Silvanus aliimba?"

"Aliimba! Vibaya, mwanangu. Mbwa waliondoka."

Penina alimtazama yule mwanamke. Hilo halikuwa kwenye kifurushi. Alipitia mia sita na kitu kichwani, halikuwamo, na hakuwahi maishani kumsikia kaka yake akiimba, hata kanisani alikuwa anachezesha midomo tu.

"Aliimba nini?" aliuliza, na sauti yake ilitoka vibaya, ikabidi aanze upya. "Wimbo gani, mama?"

"Nitajuaje? Wa kwenu, Kiiraqw. Mimi sikijui." Dereva alipiga honi. Nalangu akamshika kiwiko kumsaidia kukanyaga ngazi ya lori. "Matuta yapo bado. Siku ukija nitakuonyesha."

Lori lilipanda barabara ya vumbi kuelekea Karatu, polepole kwa uzito wa mzigo. Dereva alimwuliza kama anatoka kununua vitunguu. Penina alisema hapana, alikuwa na kazi ya mafaili. Dereva akasema kazi nzuri hiyo, ya kivulini, akaanza kumweleza juu ya binti yake anayesoma kompyuta Arusha, na Penina akamsikiliza njia nzima.